Nani Alikula Mega za Mama?

Sisi ni walimu wa kujitolea wa masomo ya jioni. Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuandika juu ya mitihani, lakini kuna jambo lilitokea darasani kwetu tukaona lisingoje, maana tunajua liko katika nyumba nyingi hapa Nakivale, kuanzia Base Camp mpaka Juru na Rubondo. Ni jambo la simu ya familia, na mega zinazoisha bila mtu kujua zimekwenda wapi.

Kijana wetu mmoja wa miaka 14, mwenye akili ya hesabu kutushinda hata sisi wengine tunaomfundisha, aliacha kuja darasani. Siku ya kwanza tulifikiri ni malaria. Siku ya nne tukawauliza wenzake, wakaanza kuangaliana. Kumbe alikuwa amefukuzwa nyumbani, analala kwa jirani, kwenye kibanda cha jiko. Kosa lake: eti usiku anaiba mega za mama yake na kumaliza chaji ya simu.

Tulikwenda kumuona mama. Ni mama anayelea watoto watano peke yake, mtu wa heshima, na hakutupokea kwa ubaya. Alitupatia kiti na kiroba cha kukalia, akatueleza. Asubuhi ananunua mega za shilingi elfu moja ili aongee na dada yake aliye Bukavu. Ikifika jioni mega hakuna. Jioni analipa simu ichajiwe kwenye kibanda cha sola, inarudi imejaa. Asubuhi inaamka na asilimia kumi na kitu, kabla ya saa sita mchana imezimika. Anayejua kuitumia vizuri pale nyumbani ni nani? Ni huyo kijana. Basi hesabu yake ilikuwa imekwisha.

Lakini mega si ndizo zilizomuumiza. Namba ya simu hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye faili ya familia. Mwezi uliopita jina lao lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi: mlipigiwa simu mara mbili, hamkupatikana. Mama akafungua orodha ya simu zilizoingia, hakuona namba yoyote ya ofisi. Akasema kijana ameifuta.

“Walimu, mimi sina ubaya na mutoto wangu,” alituambia. “Lakini hiyo simu nimeingojea miaka saba. Miaka saba! Na yeye anachezea video.”

Kijana tuliyemkuta kwa jirani alisema maneno machache: “Nilitazama video mara mbili. Zile zingine si mimi.” Mtu akikubali kosa dogo, watu huona ndiyo njia ya kuficha lile kubwa. Hata kati yetu walimu mmoja alisema hivyo tukiwa njiani. Tunaliandika kwa sababu ni kweli.

Sasa, jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba simu ya kugusa ina daftari, kama lile la mlinzi wa getini: nani ameingia, saa ngapi, ametoka saa ngapi, amebeba nini. Simu inaandika programu gani imefanya kazi, imekula betri kiasi gani, imekula data kiasi gani, na kama ilikula wakati mtu anaitazama au wakati simu iko mfukoni imezimwa mwanga. Inaandika yenyewe, hakuna anayeiomba. Hakuna haja ya fundi wala ya kulipa.

Tukamwomba mama afungue daftari hilo mbele yetu, na kijana akae hapo hapo, aone. Simu ilikuwa ya Kifaransa, kama simu nyingi za watu wa kwetu, kwa hiyo hapa tutawaeleza kwa alama, mtazifuata kwa lugha yoyote iliyo kwenye simu yenu. Tafuteni alama ya gurudumu lenye meno; hiyo ni mipangilio. Ndani yake kuna sehemu ya mtandao, na ndani ya mtandao kuna ukurasa wa matumizi ya data. Pale programu zimepangwa kuanzia mlafi mkubwa mpaka mdogo. Ukigusa jina la programu moja, simu inakugawia hesabu mara mbili: data iliyoliwa programu ikiwa wazi mbele ya macho, na iliyoliwa chinichini, yaani wakati hakuna mtu anayeitazama. Hapo ndipo kesi nyingi za nyumbani zinapoamuliwa.

Kwa simu ya mama, mlafi wa kwanza hakuwa WhatsApp wala video. Ilikuwa programu yenye picha ya ufagio, ile inayojiita ya kusafisha simu na kuongeza kasi. Kwa mwezi ule ilikuwa imekula mega zaidi ya 900, na karibu zote chinichini. Programu ya video ilikuwa chini kabisa, mega 60 na kitu, zote mbele ya macho. Mara mbili, kama alivyosema.

Mama aliuliza: “Na huu ufagio nani aliuweka?” Tukaulizana. Mwishoni dada yake mdogo kijana akakumbuka: simu ilipelekwa kuwekewa filamu kwa mtu mmoja wa sokoni, na ufagio ulirudi pamoja na filamu. Hatusemi yule mtu alifanya kwa makusudi. Watu wanapitishiana programu kwa simu hadi simu bila kujua kilicho ndani.

Mngefikiri mambo yaliisha hapo. Hapana. Mama alifungua ukurasa wa betri yeye mwenyewe, maana sasa alikuwa ameona njia, na akatuonyesha mchoro wenye vijiti, kijiti kimoja kwa kila saa mbili. Kijiti kirefu kuliko vyote kilikuwa kimeandikwa 02 hadi 04. “Si mnaona! Saa mbili hadi saa nne za usiku. Hiyo saa simu ilikuwa kwa mukono wake, mimi nilikuwa napika.”

Tulinyamaza kidogo. Halafu kijana, ambaye muda wote alikuwa anatazama chini, akasema polepole: “Mama, angalia saa ya simu sasa hivi.” Ilikuwa saa tisa na dakika kumi za mchana, jua liko pale. Simu ilikuwa imeandika 15:10. Mama akaitazama kwa muda mrefu. Saa ya simu huanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapotua na linapochomoza. Kwa hiyo 02 ya simu si saa mbili yetu, ni saa nane ya usiku, watu wote wamelala na simu iko chini ya mto wa mama mwenyewe. Saa mbili ya usiku, wakati mama anapika, simu huiandika 20. Na kijiti cha 20 kilikuwa kifupi kama kucha.

Tumeona tuliandike kwa urefu kwa sababu kosa hili linafanywa hata na watu waliosoma. Ukiona saa ya simu, ongeza sita: 02 ni saa nane ya usiku, 05 ni saa kumi na moja ya alfajiri. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili: 07 ukiongeza sita ni 13, baki moja, saa moja ya asubuhi. Baada ya giza kuingia, kuanzia 19, ondoa tu 18. Na kuna jambo lingine la watu wa Kivu. Saa ya Uganda iko mbele ya saa ya Bukavu na Goma kwa saa moja. Kuna wazee hapa walioacha simu zao kwenye saa ya kwao ili wajue ndugu wameamka au bado. Hakuna ubaya, lakini daftari la simu hizo litasema saa ya Bukavu, na ukitaka kumhukumu mtu kwa hilo, uongeze hiyo saa moja kwanza.

Mama hakusema kitu. Alichukua sufuria, akaenda kuteka maji ambayo hayakuwa yamehitajika. Aliporudi alimwambia mwanawe aingize godoro lake ndani kabla ya mvua. Sisi tukaaga.

Sasa turudi kwenye ile simu ya ofisi, kwa sababu wengi mnafikiri kama alivyofikiri mama. Simu ikiwa imezimika, au iko mahali pasipo na mtandao, mtu anayepiga huambiwa hupatikani, na kwenye simu yako hakuna kinachoandikwa. Orodha ya simu zilizoingia inaandika tu zile zilizoifikia simu yenyewe. Wakati mwingine mtandao hutuma meseji baadaye kusema namba fulani ilikutafuta, wakati mwingine hautumi. Kwa hiyo ukienda ofisini na kusema “hamkupiga, tazameni simu yangu,” unaweza kuwa unasema kweli unayoiona, na wao nao wanasema kweli. Kijana hakufuta kitu. Simu ilikuwa maiti saa ile, na iliyoiua ni ufagio wa usiku.

Msifikiri haya ni mambo ya kambini tu. Mwaka 2020 kampuni ya usalama wa simu inayoitwa Upstream ilitoa ripoti juu ya simu za aina ya Tecno W2 zilizouzwa Afrika. Ndani ya baadhi ya simu hizo, zikiwa mpya, ilikuta programu mbaya ya Triada ambayo ilileta nyingine iitwayo xHelper. Kazi yao ilikuwa kujaribu kumwandikisha mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua, na njiani zinakula data yake. Upstream ilisema tangu Machi 2019 ilikuwa imeona majaribio ya namna hiyo milioni 19.2 kutoka simu zaidi ya 200,000, na ikazitaja Misri, Ethiopia, Afrika Kusini, Kameruni na Ghana. Transsion, kampuni inayotengeneza Tecno, ilisema iliingizwa na mtu mwingine katika safari ya simu kabla ya kufika dukani, na kwamba ilikwisha toa dawa yake. Ubaya wa xHelper ni kwamba hata ukirudisha simu kuwa kama mpya, inaweza kurudi tena. Sasa fikirieni ni watoto wangapi katika nchi hizo walipigwa kwa mega ambazo hawakuzila.

Kwa ufagio wa mama dawa ilikuwa nyepesi: tuliuondoa, basi. Kama programu unaihitaji lakini inakula sana, kwenye ule ukurasa wake wa data kuna kitufe cha kuizuia isile chinichini. Mtu asikimbilie kufuta simu yote. Ukiirudisha kuwa mpya, namba za ndugu zinaweza kupotea, picha za marehemu zinaweza kupotea, na daftari lenyewe linapotea, huwezi tena kujua nani alikuwa mlafi.

Kuna jambo moja la haraka. Tazameni ukurasa wa betri kabla ya kupeleka simu kuchajiwa, si baada. Simu nyingi, hasa za zamani, zikijaa chaji zinaanza ukurasa mpya, na nyingine zinaonyesha saa 24 tu zilizopita. Tuliwahi kufika kwa familia moja tukiwa tumechelewa, simu imetoka kibandani imejaa, ukurasa mweupe. Baba na binti walikuwa wamekwisha gombana na hakuna tulichoweza kuwaonyesha. Hesabu ya data haifutwi hivyo. Kwa kawaida inahesabu mwezi mzima.

Simu zenye Android 12 na kuendelea, iliyotoka mwaka 2021, zina na ukurasa wa faragha unaoonyesha ni programu gani iligusa kamera, kinasa sauti, au mahali ulipo, na saa ngapi. Huu ni mzuri sana kwetu sisi watu ambao mahali tulipo si jambo la kutangaza. Mwaka 2013 huko Marekani tume ya serikali ya biashara iliikamata kampuni moja ya programu ya tochi, tochi tu, iliyokuwa inatuma mahali alipo mwenye simu kwa watu wa matangazo, na ilikuwa imepakuliwa na mamilioni ya watu. Tochi haina sababu ya kujua unalala wapi. Ukiiona kwenye ukurasa huo, iondoe.

Chini ya hayo yote kuna daftari la mafundi wenyewe, lenye maelfu ya mistari. Vijana wanajua njia yake: unagonga mara saba kwenye namba ya toleo la simu, na menyu iliyofichwa inafunguka. Sisi tumeifungua kwa kujifunza, na tunawaambia wazi, kwa kesi za nyumbani haisaidii. Mistari yake inajifuta kadiri mipya inavyoingia, na ukizima simu na kuwasha, ya zamani haipo. Lakini kutoka hapo mtu anaweza kutengeneza faili moja ya ripoti lenye mambo mengi ya simu yako, hata akaunti zako. Kuna mtu mmoja anayepita vijijini akisema mpe elfu tano na hilo faili, atakuonyesha “siri zote za simu”. Msimpe. Na zile programu zinazoahidi kusoma daftari la programu nyingine zote, tangu Android 4.1 ya mwaka 2012 simu haziziruhusu. Zinakuuliza ruhusa za mambo mengine, hapo ndipo unapoibiwa.

Pesa ya simu ina daftari lake, na hilo halikai kwenye simu yako, linakaa kwa kampuni. Mtu akikuambia ametuma pesa kimakosa na unamuona meseji imefika, usisome meseji, fungua menyu mwenyewe, *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel, uone salio. Meseji anaweza kuiandika mtu yeyote mwenye vidole. Hapo hatuna zaidi, wengi mmeshaumwa na mnajua.

Wenye iPhone ni wachache hapa, watusamehe, kurasa hizi za betri na data nao wanazo kwenye mipangilio.

Kuna wazee wawili waliokuja kwetu baada ya kusikia habari ya mama. Mmoja alitaka tumfungulie daftari la simu ya mke wake, amjue anaongea na nani. Tulikataa, na tunasema hapa ili wengine wasipoteze safari. Simu ya familia inasomwa na familia mezani, na mwenye kulaumiwa akiwepo. Simu ya mtu ni ya mtu. Halafu, tulimwambia mzee yule kwa heshima yake, daftari linasema simu ilifanya nini, halisemi ni mkono wa nani. Zile mega 60 za video tungezijuaje kuwa ni za kijana? Ni kwa sababu alisema mwenyewe.

Kijana amerudi darasani. Mama alikwenda ofisini, akaeleza, akaacha namba ya pili, ya jirani yule yule mwenye kibanda cha jiko. Waliandika kwenye faili na kumwambia angoje. Mpaka tunapoandika haya hawajapigiwa. Simu yake sasa inalala na asilimia tisini na inaamka na themanini na kitu. Kila asubuhi kijana anaandika hesabu hizo mbili kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, na saa yake, kwa hesabu yetu na kwa hesabu ya simu.

Jumamosi mbili zijazo, kuanzia saa nane mchana, walimu watatu tutakuwa chini ya mti wa mbele ya darasa kuwasaidia wanaotaka kusoma daftari la simu zao. Ni bure. Njooni na yule mnayemlaumu. Na tafadhali, njooni kabla ya kupitia kwa mtu wa chaji.